Mtungi Ukitoka Foleni

Daktari aliniambia presha yangu imepanda kama milima ya Iveti. Binti yangu, anayeshona nguo kiwandani kule EPZ Athi River na kuishauri familia nzima kwa simu, akanipa dawa yake: "Dad, kila siku chagua kitu kimoja cha kawaida, ukitazame dakika kumi. Usifikirie kingine." Kwa kuwa dawa hiyo haikunikataza nyama, niliikubali.

Jumamosi nilikuwa kwa mama, kiangazi kimekolea. Alinipa kazi moja tu: kulinda mtungi wake wa plastiki kwenye kioski cha maji. Saa nane akina mama wa jumuiya ya kanisa wangekuja kusali na kunywa chai, na nyumbani palibaki maji ya kikombe kimoja. Kijijini kuna mama aliyewahi kuishiwa maji siku kama hiyo. Mpaka leo nyumba yake inaitwa "pale tulipokula bila kunawa."

Kwetu wanaopanga foleni si watu, ni mitungi. Unauleta wako alfajiri, unaenda kulisha mbuzi, nao unasimama badala yako. Wa mama ulikuwa wa sita. Kioski, ambacho hufunguliwa Jumatano na Jumamosi tu, kilikuwa bado kimefungwa, nami nikakumbuka dawa yangu.

Jua lilinipiga machoni, kwa hiyo nikauchukua mtungi hadi kivulini, nikauweka juu ya jiwe, nikautazama. Manjano yake yalikuwa yamefifia. Ubavuni ulikuwa na kiraka kilichoyeyushwa kwa kisu cha moto, na kizibo chake kilikuwa gunzi la mahindi lililoviringishwa kitambaa. Niliguswa. Nikatoa daftari langu la ualimu, nikaandika kwamba mwenye tumbo kubwa hahitaji mdomo mpana. Nikaandika mengine ya aina hiyo, kurasa mbili. Nilipoinua macho, maji yalikuwa yakitoka na mitungi zaidi ya kumi ilikuwa imeshajaa.

"Huu wangu ulikuwa wa sita," nikamwambia mama wa kioski.

"Ulikuwa."

"Niliutoa kidogo tu."

"Ukaupeleka wapi?"

"Kivulini. Nilikuwa nautazama."

Wanawake waliokuja kuchukua mitungi yao wakanigeukia. Kisha mama mmoja akasema, "Asi! Mtungi wa mamako, na hujawahi kuuona?"

"Mwacheni mwalimu," mwingine akadakia. "Pengine anataka kuuposa."

"Basi alete mbuzi!"

Walicheka hadi wakashikana mabega. Mama wa kioski hakucheka. "Mtungi ukitoka umetoka. Nenda nyuma."

Nikaenda nyuma. Mbele yangu ilipobaki mitungi miwili, bomba likakohoa, likatema upepo, likanyamaza.

Nilirudi kwa mama na mtungi mtupu. Hakunigombeza. Aliingia ndani, akatoka na kikombe cha bati na mukwa, ule ukanda wa ngozi ambao wanawake wetu hubebea mzigo, mtungi mgongoni na ukanda kwenye paji la uso. "Mto uko palepale," akasema.

Mto wetu wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu. Unachimba shimo, unangoja maji yajikusanye chini, unateka kikombe kimoja, unangoja tena. Ukiharakisha, unapata matope. Kikombe baada ya kikombe mpaka lita ishirini. Halafu kilima. Mukwa hukuinamisha kichwa, ukaona hatua mbili tu za njia. Sikufikiria kingine.

Wageni walinikuta langoni, shati limelowa, ukanda kipajini. Mmoja wao alikuwa yule aliyetaka niuoe mtungi. "Kumbe mmeshaoana!" akasema.

Chai ilichelewa, lakini ilikuja. Kabla ya hapo, mama alinikabidhi birika na beseni, niwanawishe wageni mmoja mmoja. Yule mchokozi alinawa viganja, akapanda vifundoni, akaelekea viwiko. Kila tone nililitambua. Nililipandisha kilima mwenyewe. Mkono wangu ukaanza kubania maji.

"Mwaga, mwalimu," akasema. "Kwani unayapima?"

"Mwaga, mwanangu," mama akasema kutoka jikoni, bila hata kugeuka. "Na Jumatano kioski kikifunguliwa, utasimama wewe. Mtungi tutauacha nyumbani."