Dereva Aliyetajwa Ukumbini

Mpwa wangu Vilasini amelia kuliko mwanamke yeyote hapa mjini kwetu Tripunithura, na hakuna hata chozi moja lililokuwa lake. Kazi yake ni kutia sauti kwenye tamthilia. Waigizaji wengine wanatoka mbali, lugha yetu ya Kimalayalam inawakwama kooni kama mwiba wa samaki. Wao wanachezesha midomo tu. Vilasini anakaa kwenye kichumba kisicho na dirisha, anaitazama ile midomo kwenye skrini, anaijaza maneno.

Miaka mitatu sasa yeye ndiye sauti ya Bhadra, yule mkamwana anayeteswa na mama mkwe kila siku saa moja jioni. Uso ni wa Anjitha, msichana wa mbali, Mysuru. Kilio ni cha kwetu. Nasema cha kwetu kwa sababu ni mimi, mjomba wake Karunan, niliyemfundisha kulia: alipokuwa na miaka sita nilimnyang'anya ndizi ya kukaanga, akalia mpaka jirani akaja na fimbo. Shule niliishia darasa la saba, lakini kipaji nakijua nikikisikia.

Akiuliza tu bei ya samaki sokoni, muuzaji anageuka. "Wee Bhadra! Yule bibi utamvumilia mpaka lini?" Kisha anamwongezea samaki wawili. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kupata.

Mwaka huu Taa ya Shaba, tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike katika tamthilia za huku kwetu, ikaenda kwa Anjitha. Gazeti likaandika kwamba majaji waliguswa na "kilio kinachotoka tumboni". Vilasini alilisoma jikoni, akalikunja, akalifutia kikaango.

"Tumbo la nani?" akaniuliza. "Mjomba, niambie, tumbo la nani?"

"Lako, mama. Tena lina muhogo wangu wa jana."

"Usinichekeshe. Naumwa."

"Huumwi. Unaona wivu."

"Ndiyo, naona wivu! Unataka nikuandikie barua?"

Nikapata kadi mbili za sherehe. Nilizipataje, usiniulize. Tulikaa safu ya kumi na moja, nyuma ya nguzo. Anjitha akapanda jukwaani, sari inameta, akapokea taa, akashika kipaza sauti. Ukumbi ukashtuka. Ilitoka sauti nene, yenye mikwaruzo, maneno yanajikwaa.

"Mafua hayo, maskini," akasema mama mmoja nyuma yetu.

Vilasini akanifinya paja mpaka leo nina alama. Anjitha akamshukuru Mungu, mama yake, mwongozaji, hata anayempaka poda. Vilasini alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mwisho Anjitha akasema, "Na Vijayan, dereva wangu," kisha akainamisha kichwa akamalizia, "anayeniamsha kwa chai kila asubuhi." Akashuka.

"Dereva," akasema Vilasini. Kwenye basi njia nzima neno lilikuwa hilo hilo. "Mjomba, dereva!"

Jumanne studio wakapiga simu. Sherehe ingeonyeshwa Jumapili, na wakubwa wa kituo cha televisheni waliogopa watazamaji wangekasirika wakisikia Bhadra anaongea vile. Je, Vilasini aje aitie sauti ile hotuba?

Alikata simu akacheka, kicheko ambacho sikumfundisha mimi. "Wanataka nimshukuru dereva kwa koo langu mwenyewe!"

"Usiende," akasema dada yangu, mama yake.

"Nenda," nikasema mimi. "Hebu nambie, mdomo ukisema Vijayan unaanzaje?"

Akanitazama. Akachukua sahani ya chuma, akajiangalia humo, akasema Vijayan, akasema Vilasini. Meno kwenye mdomo wa chini, kisha mdomo unafunguka.

"Jina langu limezidi kidogo mwishoni."

"Umeze mwisho wake."

"Na ile chai?"

"Si aliinama? Nani aliuona mdomo?"

Siku ya kurekodi, Paulose fundi wa sauti alivua vipokea sauti masikioni, akamkazia macho mpwa wangu, akasema tu, "Midomo imekaa sawa. Tuendelee."

Jumapili sebule yetu ilijaa majirani mpaka mlangoni. "Na Vilasini," akasema Bhadra kwenye televisheni, "sauti yangu, bila yeye mimi ni picha ya ukutani." Mama wa jirani akapiga kelele. Mimi nikapiga mluzi.

Kesho yake gari likasimama nje. Akashuka mwanamume mwenye masharubu, ameshika boksi la peremende.

"Dada Vilasini, bosi wangu Anjitha anakusalimu. Anasema hakumbuki kusema vile, ila amependa alivyosema." Akaweka boksi mezani, hakuondoka. "Mimi ni Vijayan. Dada, mimi nilikuwepo ukumbini. Nilisikia jina langu kwa masikio haya. Niliita ukoo mzima waje waangalie."

Nilijiandaa kumtania, lakini Vilasini alinikata jicho. Uso wa yule dereva ulikuwa ule ule wa Vilasini nilioushuhudia safu ya kumi na moja. Vilasini akamkalisha kitini, akaenda jikoni, akarudi na chai. Akamkabidhi kwa mikono miwili, na kwa sauti ya Bhadra, ile inayotoka tumboni, akasema:

"Asante, kaka Vijayan, unayeniamsha kwa chai kila asubuhi."

Yule bwana akakiweka kikombe chini, akatoa simu. Akamwomba Vilasini arudie, yeye arekodi. Vilasini akarudia mara tatu.

Na mimi mwenye wazo? Nilisubiri pale na boksi la peremende mapajani. Hakuna aliyenitaja.