Matanga ya Mwenye Jicho

Mama yangu alimwandalia matanga mtu asiyemjua, na kisa chenyewe kilianzia jichoni mwangu.

Mimi nauza mahindi sokoni Nakasero. Siku moja nikiyamenya, jani kavu la hindi lilinichapa jichoni. Sikulijali. Nilipofika nyumbani Bwaise jicho limekuwa jekundu, na jirani yetu Mkongo, aliyekuwa na mtoto mchanga, akaja kunikamulia maziwa yake humo. Kwa mama yangu na kwa mama yake hiyo ndiyo dawa ya macho. Mtoto alinitazama kwa chuki kuona chakula chake kinamwagiwa mtu mzima usoni. Siku zilivyokwenda, doa jeupe likaota katikati ya jicho, na maumivu yakanifanya nimtukane kila aliyewasha taa.

Hospitali daktari alisema ni kuvu, ileile inayoota kwenye mahindi yaliyolowa, na imekwisha kula konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Matone ya dawa yalishindwa. Ikabaki kukata kioo kilichooza na kushona kingine, cha mtu aliyefariki ng'ambo, kilicholetwa kwa ndege ndani ya kichupa. Nilimwambia daktari kwamba mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege. Hakucheka, alikuwa ameshika sindano.

Baada ya upasuaji niliona ukungu mtupu. Daktari akasema tusubiri, ila mwili unaweza kukikataa kile kitu kigeni, na ukikikataa, basi jicho ndiyo limekwenda. Mama alilidaka hilo neno papo hapo.

"Kwa nini isikatae?" akanigeukia. "Wewe nakaa na jicho ya mutu, hata hujaenda kulia kwao!"

"Mama, kwao ni wapi?"

"Uliza daktari."

Daktari hakujua jina wala kama alikuwa mwanamume au mwanamke. Mama alimtazama kama anayetazama mnunuzi wa mali ya wizi. Kwetu Wanubi ukila pilau ya harusi bila kualikwa utasamehewa, lakini ukikosa matanga utasemwa hadi wajukuu wako wasikie.

Basi turubai likafungwa, viti vikakodiwa, masufuria yakapanda jikoni. Mimi nilikuwa nacheka tu. Waombolezaji walinijia mmoja mmoja, wakainama, wakaliambia jicho pole. Bwana mmoja ambaye sikuwahi kumwona mtaani alilia hadi akatetemeka, akisema marehemu alikuwa mtu wa watu. Nilipomuuliza walijuana wapi, akaomba aongezewe nyama. Jirani yetu Mkongo naye alikuja na wenzake wa kanisani, wakaimba, ili marehemu asikose kitu ikiwa alikuwa Mkristo.

Hapo ndipo shehe tuliyemwita kusoma dua alipoanza kusitasita.

"Mama, na kama hakuwa Muislamu?"

"Sasa iko kwa kichwa ya Muislamu," mama akamjibu. "Inaamka na yeye, inafunga na yeye. Unataka nini tena?"

Nilicheka hadi shangazi akanifinya. Shehe akasafisha koo, akauliza jina la marehemu ili amwombee dua. Jina hatukuwa nalo. Akauliza basi, ni mtoto wa nani?

"Weka mimi," mama akasema.

Shehe alidhani hakusikia vizuri.

"Mama yake iko mbali. Hajui kama jicho ya mtoto wake iko hapa Bwaise, hajui watu wamekuja kulia. Leo andika mimi. Sema ni mtoto yangu."

Nilikuwa na mzaha mdomoni, ukanikauka. Shehe akainua mikono, akamwombea mtoto wa mama yangu. Nikafunika jicho zima kwa kiganja nijaribu lile la kushonwa. Ukungu ulikuwapo bado, lakini ndani yake kitu chekundu kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. Ilikuwa leso ya mama, anajifuta machozi. Tangu niugue alikuwa akinigombeza tu, hakuwahi kunililia hata chozi moja. Nilimwonea marehemu wivu, wivu wa kweli kabisa, kisha nikasogeza kiti changu nikakaa kando ya mama yetu.