Kizibo cha Daktari Njeru

Siku ya kwanza kazini Embu nilikabidhiwa vyura. Nilikuwa nimetoka Ruiri na cheti cha darasa la saba. Daktari Njeru, mkuu wa maabara, akaniambia, "Kirimi, hawa uwalishe vizuri. Mayai yao ndiyo ofisi yangu."

Ndani ya yai la chura alikuwa akipandikiza milango ya neva za binadamu. Akinieleza, aliinua vidole vitatu kama mafiga. Protini tatu zimesimama pamoja, katikati tundu limebanwa. Baina ya kila figa na jirani yake kuna kijishimo, hapo ndipo ATP hukaa. ATP ni makaa ya seli: ikiwa ndani inapika, ikimwagika nje ni habari mbaya. Ikishakaa kwenye vile vijishimo, mafiga yanajipinda, miguu yake inaachana, tundu linafunguka, chumvi inaingia. Neva inapiga kelele. Hayo ndiyo maumivu.

Niliyasikia hayo miaka mingi nikiosha vyombo. Niliogopa pia, maana Daktari alikuwa mtu wa kufukuza watu kazi.

Asubuhi moja alikuta nitrojeni ya kugandishia sampuli imepungua. Hiyo ni hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji. Inachemka yenyewe hata ukiiacha mezani, kwa hivyo chupa yake, mfano wa ile ya chai, hufunikwa kwa kulegeza. Yeye akaleta kizibo cha mpira.

"Ziba kabisa."

"Daktari, itapumulia wapi? Hata kibuyu cha uji unaochacha, mama alikuwa akikilegeza kizibo kisipasuke."

Akamgeukia Bi. Wanja, msimamizi wa stoo, akicheka. "Umesikia? Leo darasa la saba linanifundisha! Kirimi, ziba, ama urudi Ruiri ukakoroge huo uji."

Nilikuwa na watoto shuleni. Nikaziba.

Saa sita akanituma niilete. Niliibeba mbali na uso, nikihesabu hatua. Sikufika mlangoni. Ilipasukia mkononi.

Hospitalini walinikata vidole viwili vya mkono wa kushoto. Nililala pale nikijua kinachoendelea ndani yangu: seli zimepasuka, ATP imemwagika, mafiga yanafunguka. Kujua hakukunisaidia. Kulinifanya niogope maumivu kabla hayajafika.

Daktari Njeru akaandika kwenye ripoti kwamba niliziba bila kuagizwa. Bi. Wanja, aliyesikia kila neno, akatia sahihi. Nikastaafishwa. Nawataja wote wawili. Mtu aliyejua mlango mdogo kuliko unywele unafunguka vipi, ndiye aliyeamuru huu mkubwa wa chupa uzibwe.

Sasa niko nyumbani. Uji ukichacha kibuyuni nasikia unavyotafuta njia, natoka nje mpaka mke wangu aondoe kizibo. Vijana wakiuliza nilifanya kazi gani, nainua mkono wa kushoto niwaonyeshe ule mlango ulivyo. Vidole vilivyobaki ni vitatu. Vinatosha.