Koleo Langu na Jino la Binti Yangu

Alhamisi tulimzika daktari wa meno wa mtaani kwetu Jabe, na mimi nilisimama nyuma kabisa, kama mtu asiyemjua. Nilimjua vizuri. Ninyi mnaosoma ukurasa huu mnajua kwamba shule niliiacha mapema na gereji nimeijenga kwa mikono hii; gari lililopinda nalifunga mnyororo, navuta, linanyooka. Basi miaka ile alipomfunga binti yangu nyaya za kunyoosha meno, akiwa mtoto wa miaka kumi na tatu, niliona yule bwana anacheza. Mwezi mzima jino limesogea kama unene wa ukucha tu. Nikamwambia, "Kaza, daktari. Samaki mkunje angali mbichi."

"Kukunja ndiyo, mzee. Si kuvunja," akajibu. "Mufupa ya mutoto iko hai. Ukisukuma kidogo, inajifungua mbele ya jino, inajijenga nyuma. Ukisukuma sana, damu inakatika, jino inagoma, na muzizi inaanza kuliwa."

"We unataka tu tuje kwako kila mwezi."

"Kuja hata bila mutoto, mzee. Chai iko."

Harusi ya dada ya binti yangu ilikuwa inakaribia, nami nilitaka mtoto acheke kwenye picha. Nikachukua koleo la gereji, nikausokota ule waya mwenyewe. Jino la pembeni likalegea. Tuliporudi kwake, daktari aliziona alama za koleo kwenye waya, akatazama mikono yangu, kisha akamwambia mtoto afungue mdomo zaidi. Hakunisema. Lakini sokoni walipouliza, nilijibu, "Ni yule daktari, alikaza mno." Neno langu Jabe lina uzito, wazazi wakapeleka watoto wao kwingine. Baada ya hapo, kila tulipokutana aliniuliza jambo moja tu: "Mutoto anatafuna?"

Makaburini mjane wake alinishika mkono. "Mzee, mutoto anatafuna?"

"Sasa ni mama wa watoto, na bado anatafuna upande mmoja," nikasema. "Na aliyekaza ni mimi."

"Tunajua. Alisemaka tusikukaze, utakuja kusema wewe mwenyewe."

Kumbe miaka yote ile, kwa swali lile moja, alikuwa ananisukuma kidogo kidogo. Nimesogea, lakini yeye ameshafukiwa. Mzazi mwenzangu, mtoto akiwa kwenye kiti cha daktari, weka mikono yako mfukoni. Na ninyi mliomkimbia kwa neno langu, sikieni neno langu jingine: yule mtu hakukosea. Nilikosea mimi, nikanyamaza.