Redio ya Kumlazia Mtoto

Mwanangu wa kwanza alikataa kabisa kulala mchana mpaka asikie kitu kinavuma. Tulipanga chumba ghorofa ya pili, Kariakoo, na huko chini spika za wauza nguo zilikuwa zikishindana tangu asubuhi. Kila aliposinzia alishtuka, akalia mpaka sauti ikamkauka. Siku moja redio ya mume wangu ikapoteza stesheni, ikabaki inavuma tu, shhhh, na mtoto akanyamaza, akapiga miayo, akalala. Tangu hapo ikawa ndiyo dawa yake. Naichomeka ukutani, naiweka kati ya stesheni mbili, nawasha na feni, basi.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Lindi kunisaidia kulea, hakuipenda.

"Mtoto anaimbiwa, mwanangu. Hawekewi makelele."

Lakini aliona mjukuu wake anavyolala, akaniacha.

Alasiri moja alishuka sokoni kununua bamia. Mimi nilikuwa na mafua makali, pua zimeziba, sisikii harufu ya chochote. Mtoto alikuwa kitandani, redio inavuma, nami nimekaa sakafuni nakunja nepi. Umeme ukakatika.

Feni ikajizungusha kidogo, ikasimama. Taa ya redio ikazimika. Nikamtazama mtoto, nikijua kimya kitamwamsha. Hakuamka. Na kimya chenyewe hakikuja. Shhhh iliendelea.

Nikaishika redio, imezima kabisa. Nikaifuata ile sauti mpaka pembeni ya kabati, karibu na kitanda, kwenye mtungi wetu wa gesi ya kupikia. Nilipopeleka mkono karibu na mpira wake, upepo wa baridi ukanipiga vidoleni.

Sikumbuki nilivyomnyanyua mtoto. Nakumbuka ukumbi wenye giza, na jirani yangu amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, kiberiti mkononi, njiti ameshaitoa.

"Dada, usiwashe!"

"Kuna nini?"

"Gesi inavuja kwangu! Usiwashe!"

Aliitupa ile njiti, akaanza kugonga milango ya wenzetu watoke. Kwenye ngazi nikakutana na mama mkwe anapanda na kikapu chake.

"Mama, mchukue mtoto, shuka naye."

"Na wewe unaenda wapi?"

"Umeme ukirudi, feni itawaka yenyewe. Ile soketi inatoa cheche."

"Mwanangu, usirudi huko!"

Nilirudi. Nilibana pumzi mlangoni, nikaenda moja kwa moja kwenye mtungi. Koki ilikuwa ngumu na viganja vyangu vinateleza kwa jasho. Ilipofungika, ile sauti ikakatika. Nikachomoa nyaya za feni na redio, nikasukuma madirisha yote, nikakimbia.

Chini nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kizingiti cha duka, mtoto mapajani, anamtikisa.

"Haamki," aliniambia. "Namwita, haamki."

Wiki zote hizo nilikuwa nambembeleza alale. Sasa nilimpuliza usoni, nikamvuta masikio, nikamwita. Mwenye duka akaleta maji, nikampaka kwenye paji la uso. Kichwa chake kilikuwa kinalegea mkononi mwangu. Mama mkwe akaanza kuomba dua. Nikamfinya unyayo, nikamfinya tena kwa nguvu mpaka kucha yangu ikaacha alama. Akakunja uso. Akafungua mdomo, akakaa hivyo bila sauti. Kisha akalia, kilio kikubwa kilichofanya wapita njia wageuke.

"Lia, baba," mama mkwe alisema, anacheka huku machozi yanamtiririka. "Lia mpaka uchoke."

Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji. Daktari alimpima, akatukalisha pale kwa muda wauguzi wakimwangalia, akasema mapafu yake ni salama. Fundi aliyekuja kukagua mtungi alituonyesha mpira: panya walikuwa wameutafuna kwa nyuma, mahali ambapo mtu hawezi kuona bila kuinama. Mume wangu aliuhamishia mtungi nje, kwenye kibaraza, na redio akampa mtu kazini.

Mtoto ilibidi ajifunze kulala upya, na alitutesa sana. Lakini mimi sikuweza tena kuvumilia sauti yoyote ya kuvuma chumbani. Hata bomba likitoa maji nilikuwa nashtuka. Nilikaa kando yake kila alasiri, kiganja kifuani pake, nikisikiliza anavyopumua.