Herufi Zenye Miguu

Walter Sugden alisoma gazeti kichwa chini mpaka uzeeni. Hilda, bintiye, akilishika upande huu wa meza, yeye upande wa pili alikuwa akimaliza ukurasa kabla yake na kuanza kubishana na habari ambazo binti hajazifikia. Macho ya mpanga herufi, anayezisoma kichwa chini kutwa, ndivyo yanavyozoea.

Duka lao la kupiga chapa lilikuwa mjini Halifax, karibu na reli. Makabati yalijaa herufi za mbao zilizoachwa na babu: nene, pana, kila moja imesimama juu ya miguu ya mraba, minene sawa na mwili wake. Zilikuwa zimetangaza minada ya ng'ombe, sarakasi na treni za kwenda ufukweni. Hata aliyekuwa ng'ambo ya barabara, mvuani, alizisoma.

Miaka ya sitini ilipoingia, watu wakataka herufi zisizo na miguu. Wateja wakapukutika, akabaki mkubwa mmoja: bendi ya matarumbeta ya kiwanda cha nguo. Bila mabango ya bendi, duka lingefungwa.

"Mzee Sugden, safari hii nataka za kisasa," alisema Clegg, katibu wa bendi. "Hizi zako zinanitangazia mnada wa kondoo."

"Nimewasikia wakipuliza. Sijaona tofauti."

"Utazipata, Bwana Clegg," Hilda akadakia. "Baba anatania."

"Sitanii."

Hilda akatafuta herufi za kisasa zilizokwisha tumika, akapanga bango mwenyewe. M moja ikapungua. Akaichukua W, akaigeuza, ikawa M.

Baba yake akainama kutazama. "Umeona? Isiyo na miguu haijui juu wala chini. Geuza ya kwangu, miguu inaelea hewani, hata mlevi atacheka."

"Clegg hatacheka, baba. Ndiyo aliyoitaka."

"Haya. Nenda kanisani, utachelewa."

Aliporudi, mabango yalikuwa yamekauka kambani. Yote kwa herufi zenye miguu.

Jumatatu Clegg alilikunja moja vizuri, akaliweka juu ya meza. "Bi Hilda, nilisema." Tangu siku hiyo bendi ikachapisha mabango yake mjini Leeds.

"Kwa nini, baba? Hili moja tu ungeniachia."

"Chini ya kila bango kuna jina letu."

"Na sasa litakaa wapi hilo jina?"

Kwa wiki nyingi waliongea habari za chai na makaa tu.

Duka lilifungwa majani yalipoanza kuanguka. Walter akalazwa, kifua kimembana. Asubuhi moja mwenye mkahawa alikuja kutafuta herufi za kupamba ukuta wake, zile za jina la mkewe tu. Hilda alisitasita, kisha akamfungulia kabati, naye akaondoka na hizo chache.

Mchana akaenda hospitali, akakaa kando ya kitanda, mikono mapajani.

"Makabati yamepata mnunuzi?" baba akauliza.

"Bado, baba."

Baba akamtazama. "Ukiuza, uza seti nzima. Usiziuze moja moja."