Mguu Wangu Nyuma ya Mzee Guyo

Jumatano. Upepo umevuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria zilizofunikwa. Mawingu yamekaa upande wa milima ya Nyambene, lakini hapa Isiolo hakuna tone.

Mwanangu Kendi, jana ulinipeleka Leparua. Tulipokuta kondoo wamejaa barabarani, gari ikaanza kuruka, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka paji langu likakaribia kioo. Ukaizima, ukapiga usukani kwa kiganja, ukasema, "Baba, hii gari ni mbovu." Mimi nikanyamaza. Tangu hapo sina raha. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi. Shule yangu iliishia darasa la saba na kalamu hainitii sana, lakini Jumatatu unaanza kazi ya kuendesha gari ya zahanati, na wagonjwa watakuwa nyuma yako. Afadhali niandike vibaya kuliko ninyamaze vizuri.

Ipo siku moja ninayoikumbuka, hata nikijaribu kuiacha haikubali kuachwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilijifunza gari kwa kubeba miraa kutoka Maua, na gari ya miraa haina pole pole, maana miraa ikikauka ni majani ya mbuzi. Kona zote nilizijua, na mashimo niliyapita kabla hayajaniona. Lakini hakuna aliyewahi kunifundisha kwenda mwendo wa mtu anayetembea. Nilijiona dereva kamili. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na kijana hudhani sakafu yake haina ukingo.

Wakati huo nilikuwa nimeacha miraa, nimeajiriwa na mfanyabiashara wa mtaa wa Bulla Pesa aliyekuwa na pikapu ya kukodisha. Sisi madereva tulimwita tajiri. Akanituma kupita Garbatulla, nikamlete ngamia mgonjwa kwa daktari wa mifugo hapa mjini. Ngamia alikuwa wa mzee mmoja Mborana, Mzee Guyo. Kisiki kilikuwa kimemchoma ngamia huyo mguu hata hawezi kutembea, na tumboni alikuwa na ndama wa karibu kuzaliwa. Ukame ulikuwa umewamaliza wale wengine. Huyu ndiye aliyebaki, na wajukuu wa mzee walikuwa wakingoja azae ndio wapate maziwa.

Tuliirudisha pikapu nyuma mpaka kwenye ukingo wa udongo, wanaume wakamvuta akaingia, wakampigisha magoti. Miguu ya mbele ikafungwa ikiwa imekunjwa. Tajiri alikuwa ameniambia, ngamia afungwe miguu yote minne. Mzee akasema, "Ya nyuma wacha. Tumbo yake kubwa, kamba itamuumiza." Ni lazima niseme haki: mzee ndiye aliyekataa. Na ni lazima niseme pia kwamba mimi sikubishana, kwa sababu nilitaka kuondoka.

Mzee akakaa karibu nami mbele. Mke wa mwanawe, anaitwa Darmi, akapanda nyuma kumshika ngamia shingo. Barabarani tulikwenda vizuri. Kisha tukafika kwenye lagga, ule mto mkavu wa mchanga na mawe, mahali pa kwenda taratibu kabisa. Nikaingiza gia namba moja. Gari ikaanza.

Wewe sasa unaijua. Ukigusa mafuta inaruka. Ukiachilia inainama kama imepigwa kisogoni. Inaponirusha mbele, mguu nao unakwenda mbele, unakanyaga bila mimi kutaka, na inaruka zaidi. Darmi akagonga paa.

"Wewe kijana ya miraa! Gari yako iko na kwikwi? Ipe maji."

Hata mzee alicheka. Mimi sikucheka. Niliona aibu, na aibu ikashuka mguuni. Mzee akasema, "Pole pole," nami nikasikia kama ananitukana. Nikakanyaga kwa nguvu ili nitoke pale mara moja.

Pikapu iliruka kama mbuzi aliyekatwa kamba. Ngamia akashtuka, akasukuma kwa ile miguu ya nyuma, akainuka nusu, akapinduka juu ya ubavu wa gari na kuanguka kwenye mawe. Darmi alikuwa amemwachilia shingo kwa wakati, Mungu alimlinda. Mguu wa mbele wa ngamia ulivunjika. Nilisikia ukivunjika.

Mzee Guyo hakupiga kelele. Alimzunguka mara moja, akamshika sikio, akatoa kisu. Akasema bismillahi. Ndama naye hakuokoka. Darmi alikaa juu ya jiwe, akajifunika uso kwa mtandio, na mimi nilisimama pale na ufunguo mkononi, sijui niuweke wapi.

Walipoanza kupasua nyama, mzee akakata kipande, akaninyooshea. Kwao, aliyekuwepo wakati mnyama anachinjwa ana sehemu yake.

"Shika. Ulikuwa hapa."

Sikuweza kunyoosha mkono. Nikasema, "Mzee, ni kebo ya mafuta. Imelegea. Gari hii ina shida."

Hakuurudisha mkono wenye nyama. Kisha akasema, "Kamba ya nyuma, mimi sikufunga. Hiyo nimesema yangu. Yako utasema mwenyewe."

Mwanangu, nimekemewa na watu wengi, wengine kwa fimbo. Hakuna maneno yaliyonishika kama hayo. Nikachukua nyama.

Isiolo hakukuwa na la kufuata tena. Tukapakia nyama kuirudisha nyumbani kwake. Mzee akakataa kupanda. "Natembea mbele, nakuonyesha mahali mchanga ni ngumu. Nifuate." Nikamwambia labda gari itamgonga. Akasema, "Basi isinigonge."

Akaanza kutembea mbele ya bampa, mkono mmoja na fimbo, mgongo wake hatua tatu kutoka kwangu. Gari ikaruka. Nikakanyaga breki, ikazima. Hakugeuka. Nikawasha tena, ikaruka tena, na safari hiyo bampa iligusa upindo wa nguo yake. Akasimama, bado akinipa mgongo, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Ngamia ukivuta kamba, yeye pia navuta. Ukivuta tena, navuta tena. Mpaka nani ashinde? Wewe legeza mkono, tembea. Yeye atakuja."

Nilikaa nikafikiri. Nikaweka kisigino cha mguu wa mafuta chini, kwenye sakafu ya gari, nikakikaza pale kisiondoke, ukingo wa kiatu ukaegemea pembeni. Niliachilia klachi polepole, gari ikaanza kwenda, nikaingiza namba mbili, na mafuta nikayagusa kwa vidole tu. Ilipotaka kuruka, sikuongeza wala sikutoa ghafla. Nilikanyaga klachi kidogo, nikangoja itulie, nikaachia tena. Gari ikatembea. Ikatembea nyuma ya yule mzee kama mnyama aliyemzoea mchungaji wake, mpaka tukaliacha lile lagga. Na kebo ilikuwa ile ile.

Tulipofika kwake, watoto walikuja mbio. Waliangalia kwanza nyuma ya gari, kisha wakaniangalia mimi.

Niliporudi mjini, fundi alifungua, akakuta kebo kweli imelegea. Tajiri akasema, "Basi si kosa lako." Nami nikakubali. Niliisema kebo, nikaunyamazia mguu. Sikudanganya, na sikusema kweli. Kwa Mzee Guyo sikurudi tena. Nilijiambia ni mbali. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao wangu nilimwachia yeye aubebe. Sasa yeye amekufa, na tajiri amekufa, na sina wa kumwambia ila wewe.

Mpaka leo sijui. Labda kebo ingekuwa nzima, ngamia angefika. Labda angefungwa miguu ya nyuma, angefika. Nimeyapima hayo miaka mingi, na kila nikipima, mguu wangu bado uko pale.

Kwa hiyo nisikilize. Gari yetu huenda ina ubovu, sitaki kukuonea. Kesho asubuhi tutaipeleka kwa fundi aikague kebo na ile mipira inayoshika injini. Gari nayo ina haki yake. Lakini fundi hakazi mguu. Kisigino kaa nacho chini. Penye watu, penye mifugo, penye mgonjwa, usiifukuze gari kwa namba moja. Ikishaanza kwenda ipe namba mbili iende yenyewe. Ikiruka, usiijibu. Tafuta klachi, ngoja, achia. Na mtu akikucheka, au akikuambia pole pole, hiyo aibu ikae usoni, isishuke.

Na siku utakayokosea, maana utakosea, sema sehemu yako kwanza, mapema, mbele ya yule uliyemkosea, kabla fundi hajakupa pa kujificha. Mficha uchi hazai. Nilikuwa nimefichwa na ukweli wenyewe, mwanangu, na hayo ndiyo maficho mabaya kuliko yote.

Mungu wa babu zako akutangulie barabarani, akulainishie mchanga. Wale utakaowabeba wafike wakiwa hai, na ukiangalia kioo cha nyuma usione cha kukusuta. Nakubariki kwa mikono yote miwili, hata huu ulioshika usukani siku ile.

Jioni tumekula ugali na ndengu, na wewe umeniuliza mara mbili naandika nini. Karatasi ndiyo hii.